Sakafu Iliyoponea Sururu

Hata kabla ya saa nne nilikuwa na hasira. Msimamizi wa shimo letu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kofia pana, alikuwa amenipa chekeche wiki mbili mfululizo. Wanaume wachimbe, mimi nichekeche. "Mama, kazi ya mwiko wa kuchimbia inataka ujuzi," aliniambia. Mimi nimefika kidato cha nne, na nilizaa miezi saba iliyopita bila yeye kunielekeza. Ule udongo wake niliutikisa kama mtu ninayemdai jibu.

Tulikuwa tunachimba kilima kidogo kule Bukhayo, kwenye shamba la mama mkwe wangu. Kila asubuhi nilipanda boda kutoka Burumba na binti yangu mgongoni, namwachia nyanya yake kando ya kamba iliyozungushiwa shimo, naingia kazini. Profesa aliyeongoza uchimbaji, mama wa makamo, alitueleza kwamba watu wameishi pale tangu enzi za kuchonga mawe. Wakahama, wakarudi, wakafinyanga vyungu, mpaka tukafika sisi na mihogo yetu. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko nilivyotaka kuonyesha. Kila kigae kilichobaki kwenye chekeche nilikigeuza nikijiuliza mwenye chungu hiki alipika nini, na nani alimvunjia.

Siku hiyo wachimbaji waligonga kitu kigumu. Msimamizi akashuka, akakwaruza kidogo, akakata shauri. "Huu ni udongo wa asili. Chini ya hapa hakuna watu. Leteni sururu, tumalize kabla ya chakula."

Nikachungulia. Ukingoni niliona mistari myembamba imelaliana, kahawia, kijivu, kahawia tena. Magoti yangu yalijua kabla ya kichwa. Tangu nina miaka minane, kila Jumamosi nilisiriba sakafu kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, tabaka jipya juu ya la zamani.

"Wewe, weka hiyo sururu chini!" nilimfokea mchimbaji. "Hiyo ni nyumba ya mtu!"

"Mama, rudi kwa chekeche," msimamizi akasema.

"Sirudi. Unavunja sakafu ya mwanamke mwenzangu ndio uwahi maharagwe?"

Watu wakacheka, lakini sururu ikainuliwa. Nikaruka shimoni, nikapiga magoti pale pale ilipotaka kushuka. Nikafungua chupa yangu ya maji, nikanyunyiza kwa vidole, polepole, vile tunavyofanya nyumbani kabla ya kusiriba upya.

"Amemwaga maji! Profesa! Huyu leo aende kwao!" msimamizi akapaza sauti.

Profesa alikuja mbio, na hapo nikaogopa kweli. Kazi niliitaka. Lakini kama ningeondoka, sakafu ingeondoka na mimi.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Angalia kwanza, halafu unifukuze."

Maji yalikuwa yanazama. Nyuma yake zikabaki alama za vidole vinne, nusu duara baada ya nusu duara, kila moja imepanda kidogo juu ya mwenzake.

"Ukisiriba unarudi nyuma," nilimwambia, "usije ukakanyaga pabichi. Unaanzia ukutani, unamalizia mlangoni. Huyu alikuwa anaenda huku. Mlango uko huku."

Msimamizi akaguna. Profesa hakuguna. Alinipa mwiko wake mwenyewe.

Nilikwangua hadi mchana, jasho likiniingia machoni. Nilipofika mwisho wa zile alama, udongo ulikuwa umekanyagwa hadi kung'aa. Kushoto kulikuwa na shimo la nguzo, na kulia lingine. Nilipiga kigelegele. Wachimbaji wakaitikia kwa kugonga majembe. Profesa alishuka, akaweka kiganja chake juu ya zile alama za vidole, akacheka kama msichana.

Mama mkwe akasogea na mtoto, akaikagua sakafu yote kama anayekagua ya kwangu.

"Kona ile ameiruka," akasema. "Mvivu."

"Si mvivu, mama!" Nilimtetea kwa hasira, kama dada yangu wa tumbo moja. "Mtoto alilia!"

Wangu naye akaanza. Nikapanda juu kumnyonyesha, nikamwambia msimamizi asikanyage ndani mpaka nirudi. Alishuka na kipimo chake, akasimama mlangoni. Kisha akavua viatu, na hakuna aliyemwambia.