Breki Haijaribiwi kwa Mguu wa Mwenzako

Jua halijafika juu ya mabati ya gereji, na Rubani amelala ubavu chini ya usukani wa gari ambalo limemlisha kwa miaka minne. Kichwa chake kiko karibu na pedali ya breki. Magongo yake mawili yameegemezwa mlangoni. Anafungua bolti moja baada ya nyingine, na hataki mtu mwingine aziguse.

Anachokitoa ni vyuma viwili vyembamba. Kimoja hushuka kwenye pedali ya mafuta, kingine kwenye breki, na vyote viwili hukutana kwenye mpini mmoja kando ya usukani. Ukiuvuta mpini, gari linaondoka. Ukiusukuma, linasimama. Kwa mpini huo, mtu mwenye miaka arobaini na mbili, ambaye miguu yake ilipooza akiwa bado anabebwa mgongoni, ameendesha teksi na kulisha nyumba ya watu sita.

"Ni kama kujing'oa meno mwenyewe," anasema kutoka chini huko. "Tena meno mazima."

Jina la Rubani alipewa kijiweni na madereva wenzake, kwa kuwa anaendesha kwa mikono mitupu kama mtu wa ndege. Asubuhi hii wamemtania kama kawaida, wakamuuliza ndege inashushwa wapi. Amewajibu kwamba ndege iko kwenye matengenezo, abiria wapande punda. Wamecheka, ingawa wote wanajua gari halirudi.

Gari hilo lilikuwa la hesabu. Maana yake ni kwamba kila jioni dereva humpelekea mwenye gari kiasi walichopatana, siku iwe ya neema au ya ukame, na kinachobaki ndicho chake. Mwenye gari huitwa tajiri, hata kama naye amepanga chumba kimoja. Katika kila noti kumi alizozipata Rubani, tano zilikwenda kwa tajiri, tatu zilikwenda kwenye mafuta, na mbili ndizo zilizovuka mlango wa nyumba yake.

Hakulalamika, kwa sababu tajiri yule alikuwa mzee wa nadra. Aliruhusu sakafu ya gari itobolewe matundu manne ya kukazia vyuma. Wenye magari wengi hawataki hata kulisikia jambo hilo. Mzee alifariki miezi miwili iliyopita, na wanawe wameamua kuuza kila kitu wagawane.

Mmoja wao amesimama hapa gereji akisubiri ufunguo. Anainama, anachungulia sakafu na kuuliza ni nani atakayeyaziba matundu hayo.

Anayemjibu ni Fundi Cheche, mchomeleaji aliyevitengeneza vyuma vile kwa mikono yake. "Kijana, kwa matundu hayo baba yako amekula miaka minne. Ziba wewe."

Rubani anatoka chini ya usukani kwa kujivuta, anaketi kizingitini mwa mlango na kufuta vyuma kwa kitambaa kabla ya kuvifunga kwenye gunia. Kijana anaondoka na gari. Hakuna aliyempungia mkono.

*

Abiria wapya walikuwa na kawaida ya kuingia, kuyaona magongo kiti cha mbele, kisha kumuuliza Rubani dereva yuko wapi. Naye aliwaambia dereva anakuja, wakae tu, yeye anapasha injini moto. Wakishtukia wako njia panda ya pili, gari linakwenda limetulia kama maji mtungini. Wengine walicheka mpaka wakaongeza nauli. Mmoja aliomba kushuka.

Anayasimulia hayo akiwa nyumbani, chumba na sebule, ambako mkewe anasuka nywele za wateja barazani. Gunia la vyuma liko nyuma ya mlango. Wiki nzima mazungumzo ya nyumba hii yamekuwa ni hilo moja: akodi gari jingine, au anunue lake?

Kukodi kwa sasa kuna njia inayopendwa na vijana, nayo ni mkataba. Unachukua gari bila kutoa kitu kikubwa, unalipa kila wiki kwa miaka miwili, na ukimaliza linakuwa lako. Ukikosa wiki mbili, linarudi kwa mwenyewe na ulicholipa kimekwenda na maji. Kununua ni kutoa fungu lote siku moja kwa gari lililokwisha kuchoka, na fungu walilo nalo ni moja tu.

Mkewe anataka mkataba. Si kwamba haoni hatari yake. Ila walishawahi kununua, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ilikuwa kabla ya gari la mzee. Rubani aliacha kushona viatu, akakusanya akiba na mchango wa dada yake mkubwa, akapata gari dogo jekundu. Lakini mtu wa mpini ana shida moja ambayo madereva wenye miguu hawaijui. Hawezi kulijaribu gari kabla ya kulinunua, maana bila vyuma haliendesheki kwake, na vyuma haviwezi kufungwa bila kutoboa sakafu. Na ukishatoboa gari la mtu, umelinunua.

Basi akamwomba shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori, alijaribu kwa niaba yake. Shemeji alizunguka nalo mtaa mzima. Rubani alikaa pembeni akisikiliza injini, ambayo ilinguruma vizuri kama paka aliyeshiba.

"Nikamuuliza, shemeji, breki je? Akaniambia breki ni jiwe," anakumbuka. "Na kweli ilikuwa jiwe. Kwa mguu wa mtu wa lori, jiwe ni sifa. Kwa bega langu lilikuwa jiwe la kusagia."

Pedali ilikuwa nzito. Mguu huikanyaga kwa uzito wa mwili mzima bila kujua, lakini mkono huujua uzito huo kila unapoigusa. Kufikia adhuhuri kila siku mkono wa Rubani ulikuwa umekufa ganzi. Mafundi walibadilisha hiki na kile, pesa zikateketea, uzito haukuondoka. Mwishowe bega lilivimba, akalala ndani mwezi mzima, na gari likauzwa kwa bei ya kutupa. Dada yake hajawahi kuudai mchango ule. Rubani anasema hilo ndilo linalomuuma zaidi, maana angedaiwa angalau angekuwa na la kujibu.

*

Kwa hiyo anakwenda kwanza kwenye mkataba. Mwenye magari ni mama mmoja wa makamo, muuguzi mstaafu, ana magari matano barabarani. Anampokea vizuri, anamwita mwanangu, anamsogezea kiti kisichoyumba. Lakini matundu hataki.

Hana roho mbaya. Anaeleza kwamba madereva wawili walishamrudishia magari katikati ya mkataba, na gari lililotobolewa sakafu hakuna dereva mwingine anayelitaka, wanadhani lilipata ajali. "Mwanangu, nitafutie njia ya kufunga bila kutoboa," anamwambia. "Nami sitakunyima."

Fundi Cheche anakuna kichwa siku tatu. Anatengeneza vibanio vya kukamata pedali na reli ya kiti, bila tundu hata moja. Siku ya kujaribu, mama wa magari anakuja mwenyewe gereji. Rubani anaingia, anavuta mpini, gari linasogea taratibu uani. Anasukuma, linasimama. Anavuta tena, anasukuma tena, linasimama. Mama anatabasamu.

Mara ya tatu kibanio kinazunguka kwenye pedali kama pete kwenye kidole kilichokonda. Mpini unakwenda mbele wote bila kugusa kitu. Gari linajiendea lenyewe, polepole, kama mtu aliyepotewa na akili, hadi linapolala kifua kwenye rundo la mchanga wa ujenzi.

Hakuna aliyeumia. Hata taa haijapasuka. Fundi Cheche anakimbilia dirishani akisema ataongeza raba, ataongeza skrubu ya kubana, ni jambo dogo. Mama naye anasema hilo ni jambo la kurekebishika, na kwamba yeye bado yuko tayari.

Rubani anazima injini, anafungua mlango.

"Leo ni mchanga," anamwambia mama yule. "Kesho ni mtoto wa mtu. Nashukuru sana, mama, lakini siwezi."

Jioni mkewe anapoambiwa, anaendelea kusuka kichwa cha mteja mpaka mwisho. Halafu anauliza kama fundi hakusema kwamba angeongeza raba. Rubani anajibu kuwa alisema. 

*

Gari la pili la kununua analipata kwa muuza mbao. Ni la rangi ya majivu, limepauka boneti, viti vimechanika. Shemeji anajitolea tena kulijaribu, na Rubani anamkatalia kabla hajamaliza sentensi. Rubani anaomba injini iwashwe tu, gari lisiondoke. Kisha anaweka magongo chini, anapiga magoti kwenye vumbi, anaingiza mwili ndani mpaka kiunoni na kuikandamiza pedali kwa kiganja. Anaiachia. Anaikandamiza tena, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, tena na tena, huku watu wa mbao wakikusanyika kutazama.

"Rafiki yangu, unanunua gari au unalikanda mgongo?" anauliza muuza mbao.

Kicheko kinapigwa. Rubani hatoki. Anaendelea mpaka jasho linamdondoka puani, maana anataka kujua pedali itakuwaje mkono ukishachoka. Anapotoka, magoti yamejaa vumbi la mbao, na uso wake haupendezi kuutazama, kwa sababu amepata anachokitaka, na fungu alilo nalo linafika nusu ya bei tu. Breki ni laini. Hata jioni, bega likiwa limelegea, ataiweza.

Muuza mbao anataka bei yote kwa mkupuo. Wanavutana, wanaachana, wanaitana tena. Mwisho wanapatana hivi: nusu leo, nusu ndani ya miezi sita. Gari litakaa gereji kwa Fundi Cheche, ufunguo utabaki kwa muuza mbao mpaka alipwe yote. Rubani akishindwa, gari litarudi na kuuzwa, na kwa kuwa litakuwa limetobolewa, kila kitakachopungua kwenye bei kitakatwa kwenye nusu yake.

Rubani anaomba vyuma vifungwe baada ya yeye kumaliza kulipa. Muuza mbao anakataa. Rubani akitoboa, anasema, ndipo yeye ataamini kwamba ana nia. Wateja wa maneno amewachoka.

Nusu hiyo haikuwa imelala bure. Ilikuwa ya ada ya binti yao wa kwanza, aliyepata nafasi ya sekondari ya bweni baada ya kurudia mtihani. Rubani alimwita sebuleni na kumweleza mwenyewe, hakumwachia mama yake kazi hiyo. Binti alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la sketi.

"Shule haitakimbia, baba," alimwambia.

 Rubani anajua shule hukimbia. Ilimkimbia yeye akiwa darasa la nne, alipokuwa mzito mno kwa mgongo wa mama yake.

Siku ya kutoboa, Fundi Cheche anapima, anachora kwa chaki, anapima tena. Anashika mashine na kumtazama Rubani. Anamkumbusha kwamba bado anaweza kwenda kwa muuza mbao na kuomba pesa yake yote, gari halijaguswa. Pesa ikirudi, ada italipwa, na binti ataondoka na wenzake Jumatatu.

 Watu wa gereji wameacha kugonga. Rubani anasema kwamba ada hiyo ni ya mwaka mmoja, na bila gari hakuna ya mwaka wa pili. Anamwambia aanze.

Yanatoka matundu manne. Vipande vya chuma vinaanguka sakafuni vikiwa bado vya moto, na kuanzia hapo hakuna tena kurudisha gari na kuomba pesa yote.

*

Sasa kila asubuhi Rubani anakuja gereji kwa magongo, lakini si kuendesha. Ameketi kwenye kigoda mbele ya meza ya vyuma, anapiga msasa mageti na madirisha ya Fundi Cheche kwa ujira wa siku. Anachopata kinatosha chakula, na kidogo kinachobaki anampelekea muuza mbao kila Jumamosi. Kwa mwendo huu, anakiri, miezi sita itafika kabla ya yeye kufika. Dada yake mkubwa ameahidi kuongeza kitu. Safari hii Rubani amemwomba amdai.

Gari limesimama hatua chache kutoka alipo, mpini wake ukionekana kupitia kioo cha mbele. Bibi mmoja ambaye Rubani alikuwa akimpeleka kliniki alimpigia simu juzi kuuliza atarudi lini, kwa sababu dereva wa sasa humfokea akichelewa kushuka. Rubani alimwambia avumilie kidogo.

Anapoulizwa kama angerudia kuchagua angechagua nini, anaacha msasa.

"Gari la mtu linakulisha, halafu siku moja mtoto wake anakuja kuchukua ufunguo," anasema. "Hili likinishinda, nitajua nimeshindwa na langu. Nikimaliza kulipa, safari ya kwanza ni kumpeleka binti shuleni. Kama watakuwa bado wana kitanda chake."