Kibanja cha Kemondo

Jumatano, tarehe 15 Novemba 2023. Manyunyu kutwa nzima, upepo kidogo.

Restuta alirudi kwake Edmonton, Uingereza, saa kumi jioni, miguu inamuuma. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao, na siku hiyo alikuwa amewaogesha watatu. Mezani ilikuwapo barua ya manispaa: kesho saa nne asubuhi afike kula kiapo cha uraia wa Uingereza.

Aliuomba uraia huo kwa sababu moja. Taata, yaani baba yake mzee Valentine, alikuwa hawezi kuinuka kitandani huko Kemondo, Bukoba, na Restuta alitaka kwenda kumuuguza, hata kama ni kwa miaka mitatu. Kwa kibali alichokuwa nacho, akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miwili, kinakufa. Ila akila kiapo, Utanzania wake nao unakoma, na asiye raia hamiliki ardhi. Kibanja chenye kaburi la mama yao, ambacho Taata alimwandikia yeye, kingebidi kihamie kwa mdogo wake Telesphor. Huyo alikwisha kuuza vyake viwili.

Akampigia simu.

"Mama Mzungu!" Telesphor akacheka. "Sasa ukija kwenu utaomba viza? Nikuandikie barua ya mwaliko?"

"Niandikie ya kibanja. Kwamba hakiuzwi. Wanaukoo watatu washuhudie, na Taata atie dole gumba."

"Dada, huniamini?"

"Nakuamini. Andika."

"Nani atauza kaburi la mama yake, jamani?"

"Hata kile cha barabarani uliapa hukiuzi. Leo kina nyumba ya wageni."

Telesphor akakohoa, akauliza hali ya hewa ya Uingereza. Dada yake alipoitaja tena barua, akasema, "Haya, bwana. Kesho asubuhi na mapema utapata picha yake kwenye simu."

Restuta akapiga pasi gauni la bluu.

Kesho yake aliamka saa kumi na moja. Picha haikuwapo. Saa mbili, bado. Saa tatu, ambayo Kemondo ni saa sita mchana, alipiga mara nne, Telesphor hakupokea. Hapo akaipigia manispaa, akaomba kiapo chake kisogezwe hadi Desemba. Kisha akavaa sare ya kazi, akapanda basi kwenda kumwogesha Bibi Anne.