Kaa wa Sebuleni Murara

Tulipokimbia kwetu Sake kwa sababu ya mabomu, mjomba wangu, kaka wa mama, alitupokea nyumbani kwake, mjini, mtaa wa Murara. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, na wakati huo nilikuwa tayari nafundisha shule ya msingi. Mjomba alifanya biashara hadi Mombasa. Sebuleni mwake palikuwa na sanduku kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, mawe ya baharini na samaki wa rangi. Mkewe alilipenda kupita kiasi. Mgeni alionyeshwa samaki kwanza, chai baadaye.

Hatukukaa sana, samaki wakaanza kufa. Siku moja mke wa mjomba, akiwa ameketi na jirani yake na mama akipangusa sakafu palepale, alisema bila kushusha sauti: "Tangu hawa bakimbizi baingie humu, samaki zangu zinakufa. Huyu mama anatia mikono ya sabuni mu maji yangu."

Mama aliendelea kupangusa. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sahani. Chuki iliyonipanda hapo sikuwa nayo hata kwa waliotupiga mabomu. Wale sikuwajua sura. Huyu nilikuwa nakula naye.

Niliapa nitamlipiza.

Samaki aliyefuata kufa nilimtoa mwenyewe. Mapezi yake yalikuwa yameraruliwa, na tumboni kimenyofolewa kipande. Sabuni haina meno. Nikampelekea mjomba.

"Hii ni kazi ya kaa," alisema akimgeuzageuza. "Mawe ya bahari yanakuja na wadudu mu matundu. Wengine hawana shida, wanasafisha. Lakini ukiona kaa wa manyoya miguuni, magando yake ncha nyeusi, huyo mutoe. Atamaliza vyote."

"Basi mwambie mama wa nyumba."

"Mutoto wangu, achana na hayo."

Alikuwa anamwogopa mkewe. Mimi sikumwogopa.

Mke wa mjomba alipokwenda sokoni Majengo, nilifunga mapazia, nikafunika sanduku kwa kitenge, nikazungushia tochi mfuko mwekundu ili mwanga usimshtue kaa. Nikachungulia tundu moja baada ya jingine. Chini kabisa, ndani ya jiwe pana, mguu wenye manyoya ulijikunja, kisha likatokea gando lenye ncha nyeusi. Nilitabasamu peke yangu.

Nilitia sambaza mmoja, dagaa wa ziwani, ndani ya glasi ndefu, nikaizamisha majini na kuiegemeza kwenye lile jiwe. Mwanzoni alinyoosha gando akaiba chambo bila kuingia. Nikamsukumia sambaza mwingine hadi chini kabisa ya glasi. Safari hii aliteleza ndani, na kioo hakikumpa pa kushika ili apande.

Ningeweza kumponda papo hapo. Nilimtia kwenye chupa na maji yake, nikangoja wageni wa Dominika.

Walipofika, jirani yule akiwa kati yao, niliweka chupa mezani katikati ya vikombe.

"Mama," nikamwambia mke wa mjomba, "huyu ndiye aliyekuwa anatia mikono mu maji yako."

Jirani aliangua kicheko. Mke wa mjomba uso ukamsawijika, akainuka kwenda kuangalia chai ambayo ilikwisha kuletwa. Niliona raha mpaka kwenye vidole. Nikamtafuta mama kwa macho ili tufurahi pamoja, lakini yeye alikuwa ameinama.

Chumbani aliniambia: "Umemupatisha haya mbele ya watu, mu nyumba yake. Sasa tutalala wapi?"

Hatukufukuzwa. Ila salamu zilikoma, na chakula kikawa kinaisha kabla hatujaitwa. Tukahamia mtaa wa Ndosho, kwenye chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano, mvua ikitunyeshea kitandani. Mjomba alipokuja kututembelea alisema samaki hawafi tena. Neno la kuomba radhi kutoka kwa mkewe hakulileta.

Mama alimsamehe bila kuombwa. Wakikutana sokoni wanaulizana habari za nyumbani. Juzi mke wa mjomba alinigeukia na mimi, akaniuliza hali.

"Tuko," nikamjibu, nikaendelea kuchagua maharagwe.