Nilimchemshia mama maji ya chemchemi, nusura akatwe mguu

Wakuu, poleni na majukumu.

Sijaongeza chumvi, ingawa chumvi imo, mtaiona huko mbele. Anayetaka picha asiniombe, sikupiga na singepiga.

Niko Minnesota, Columbia Heights, mwaka wa saba sasa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Fridley: nawaogesha, nawavisha, nawageuza kitandani. Mama yangu alikuja kututembelea Novemba kutoka Mbeya. Ana sukari ya muda mrefu.

Kule kwetu kuna maji moto yanayotoka ardhini yenyewe. Mama amekanda miguu kwa maji yale tangu usichana wake. Baridi ya huku ilipomkolea akawa na wimbo mmoja tu: "Ningepata maji ya kwetu, hii miguu ingefufuka."

Kazini kuna bibi wa kizungu, mmoja wa wazee ninaowahudumia, nitamwita Bi Dora. Nilipomsimulia habari ya mama na maji yale, akachangamka. Alipokuwa mtoto bibi yake alimpeleka kwenye mji wenye chemchemi za moto, mji mzima unaishi kwa maji: mahoteli, mabafu ya marumaru, wagonjwa wa viungo wanashuka kwenye treni na magongo yao. Daktari wa pale anakuandikia kwenye karatasi joto la maji na dakika za kukaa. Mhudumu mmoja mwanamke anasimama pembeni na kipimajoto na saa, dakika zikiisha anakutoa hata ukilia.

Nikarudi home nika-google wiki nzima. Warumi waliyaoga maji kama hayo. Wafalme waliyasafiria. Ulaya kuna miji watu walikuwa wanazunguka asubuhi na vikombe mkononi, wanayanywa kwa foleni kama dawa. Nikasema, kumbe mama hajakosea! Ule ushamba wa kutoamini mambo ya kwetu mpaka mzungu ayathibitishe ninao, nichekeni tu.

Sasa, Eden Prairie kuna chemchemi inayotoka kwenye bomba kando ya barabara, bure, watu wanajaza madumu. Maji yake ni ya baridi, ila mama akasema ya ardhini ni ya ardhini, tutachemsha wenyewe. Jumapili baada ya ibada nika-drive naye, tukajaza madumu manne. Maji yenyewe hayana kosa lolote, msije mkayasingizia.

Nikachemsha, nikamimina kwenye beseni, mama akatia chumvi yake ya mawe. Akaingiza miguu.

"Mbona vuguvugu? Ongeza."

Nikaongeza.

"Ongeza, baba. Ya kwetu yanaivisha yai."

Nikaongeza tena.

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu. Kazini siwezi kumgusisha mzee maji bila kipimajoto. Ni sheria, na changu hukaa mfukoni mwa uniform. Siku ile uniform ilikuwa inaning'inia mlangoni, hatua tatu kutoka pale. Lakini huyu ni mama, aliyekuwa akinipimia maji ya kuoga kwa kiwiko. Leo nianze kumpimia yeye? Nikaona ni kumkosea adabu, nikageukia TV kuangalia mpira.

Binti yangu Neema, wa miaka tisa, Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kiingereza. Nikamsikia: "Dad, Grandma's skin is coming off."

Mama alikuwa ametulia zake, anatabasamu. Ngozi ya mguu wa kulia imeambuka kama ya nyanya iliyotiwa maji moto, na mwenyewe hajui! Nilikimbilia funguo za gari.

Emergency, daktari akawa anamgusa nyayo kwa kijiti, anamuuliza kama anasikia. Mama anajibu ndiyo hata asipoguswa. Daktari akanivuta pembeni, akasema sukari imeshaua hisia za miguu, na kidonda kikifika kwenye mfupa watakata. Kidole, au mguu, bado hawajui.

Wiki tatu, wakuu. Kila bandeji ikifunguliwa natazama ukutani. Nilimwogopa hata dada yangu Mbeya, maana alinikabidhi mama akiwa mzima, na mama ameacha mahindi shambani akiapa atarudi kuvuna mwenyewe.

Bi Dora nilipomweleza aliuliza kitu kimoja: "Na kipimajoto alikishika nani?"



Kidole kidogo kimeondoka. Mguu umebaki, namshukuru Mungu.

Juzi namfunga bandeji, mama akasema bila kunitazama: "Baba, miguu hii siisikii tangu mwaka juzi. Niliogopa kusema, mngeninyima safari. Nilikuwa nakwambia ongeza, ongeza, nikidhani yakizidi kidogo nitaisikia."

Nililia mbele yake kama mtoto. Yeye aliogopa kuniambia, mimi niliogopa kumpima, na wote tulikuwa sebule moja.

Nilichojifunza ni kwamba miji ile ya maji ilikuwa na mtu wa kuyapima, sisi tukabeba maji tukamwacha yule mtu. Kama mzazi wako ana sukari, mpimie maji. Mguse nyayo akiwa amefumba macho, usikie atakachojibu. Akinuna, anune, atasamehe.

Leo mchana kaomba maji tena, ya mguu wa kushoto tu. Nimemletea, nikatumbukiza kipimajoto mbele yake. Nilidhani atakasirika.

"Soma kwa sauti," akaniambia, "nami nisikie."

Haya, semeni nanyi. Nani hapa mzazi wake amewahi kumficha ugonjwa asinyimwe safari, na mlijuaje? Hata wa kunitukana karibuni, nitasoma yote.