Makochi ya Shangazi na Ukuta wa Mama

Harufu ya samadi mbichi iliyokandwa pamoja na udongo wa mtoni haimpendezi mtu asiyeizoea. Shangazi yangu Rodah, aliyezaliwa na kulelewa ndani ya harufu hiyo hiyo, alikuwa akiisikia anaziba pua kwa kitambaa chenye marashi, kama mtu aliyeshuka kutoka nchi isiyo na ng'ombe. Mimi niliipenda. Kwetu Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma, harufu hiyo ilikuja kila Desemba, mahindi yakishaingia ghalani na shule zikishafungwa, na maana yake ilikuwa moja tu: Mama ameanza kuipamba nyumba. Ukuta ukishakauka, ukali ule uliondoka, ikabaki harufu ya ardhi iliyonyeshewa kidogo asubuhi, ukalala nayo na kuamka nayo.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, kama nyumba nyingi za walimu wa shule ya msingi wakati ule, miaka ya themanini. Baba alikuwa mwalimu. Mama hakuwa na cheo, lakini alikuwa na macho. Alijua ni ukingo gani wa mto wenye udongo mweupe usio na mchanga, na ni kichuguu gani chenye wekundu unaodumu. Udongo mweupe aliutia buluu ya kufulia mashati ya Baba, kidogo kidogo, mpaka ukapata rangi ya anga la saa nne asubuhi. Chini ya ukuta alipaka ukanda mweusi wa masizi na majivu, ili uchafu wa miguu yetu usionekane, na juu ya ukanda huo akapitisha vidole vyake kuchora mawimbi yaliyofuatana kama matuta ya shamba la mteremko. Chini ya mabati alibandika kwa gundi ya uji wa ngano karatasi nene za kahawia zilizotoka Webuye, kwenye kiwanda cha karatasi, ambazo wanawake waliziuza sokoni kwa bei ya mboga. Chumba kikawa na dari, na mvua ikapunguza kelele. Vitambaa vya viti alivisuka kwa nyuzi alizofumua kwenye magunia ya sukari na kuzichemsha na maganda ya vitunguu hadi zikawa na rangi ya asali. Mito ya viti ilijaa mabaki ya nguo kutoka kwa fundi cherehani. Ukiingia sebuleni kwetu mchana, mlango ukiwa wazi, ulinyamaza kidogo kabla ya kusema hodi ya pili. Nimeingia nyumba nyingi tangu wakati huo, na ni chache zilizoninyamazisha.

Ya Shangazi ilikuwa nyumba ya namna nyingine. Mumewe alikuwa msimamizi wa shamba kubwa la mahindi nje ya mji wa Kitale, na shamba liliwapa nyumba ya mawe iliyojengwa na mzungu, yenye sehemu ya kuotea moto na madirisha marefu yanayotazama Mlima Elgon. Nyumba hiyo haikuwa yao, lakini hilo halikutamkwa. Sebuleni palikuwa na makochi ya mahameli rangi ya damu ya mzee, makubwa kama ng'ombe waliolala, yakiwa bado ndani ya nailoni za dukani. Nailoni hizo hazikuwahi kutolewa. Likizo za Agosti tulipotumwa kumtembelea, tuliketi sakafuni tukiyatazama. Maua yalikuwa ya plastiki na yalioshwa kwa sabuni kila Jumamosi. Kwenye kabati la vioo palikuwa na vikombe vya kuangaliwa, na sisi tulikunywa chai kwa vikombe vya bati jikoni. Hata mtoto anaweza kudharau, na mimi nilianza mapema. Nilimdharau mtu anayenunua kiti kisha anasimama.

Mwaka mmoja, dada yangu mkubwa, Nekesa, alipata mchumba kutoka Chwele, kijana mpole aliyekuwa fundi wa umeme, na wazee wa upande wake wakatuma ujumbe kwamba watakuja kuzungumza mahari kabla ya Krismasi. Mama aliongeza bidii. Alianza kukandika mapema, akamgeuza Nekesa kuwa mchota maji na mimi kuwa mpondaji wa udongo, na kwa mara ya kwanza alipeleka mawimbi yake mpaka kwenye fremu ya mlango, nje na ndani, ili mgeni ayaone kabla hajaingia. Alikuwa akimwoza binti yake wa kwanza, na huo ukuta ndio uliokuwa usemi wake, kwa sababu katika mazungumzo ya mahari wanawake wa siku zile hawakupewa nafasi ya kusema mengi.

Shangazi alikuja kukagua. Alizunguka sebule bila kugusa kitu, kisha akamwita Baba nje chini ya paa la ghala, lakini sauti yake haikuwa ya siri. Alimwambia kwamba watu wa Chwele wakikuta nyumba ya matope wataleta ng'ombe wa kukonda. Alimwambia kwamba yeye kama dada mkubwa hawezi kukaa aibu ikipita mlangoni. Baba alijaribu kusema kwamba nyumba imependeza. "Imependeza kwa nani?" Shangazi akamuuliza. "Wacha nilete viti yangu. Hiyo siku watu wakae vizuri, bas." Baba, aliyebebwa mgongoni na dada huyo alipokuwa mtoto, hakuwahi kujifunza kushuka. Alitikisa kichwa kukubali. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na Baba alikuwa akiifundisha methali hiyo darasani kila mwaka, kwa chaki, kwa mwandiko mzuri.

Makochi yalifika asubuhi ya siku yenyewe, yamefungwa kamba juu ya lori la shamba, Shangazi akiwa mbele na dereva. Viti vidogo viliingia kwa kuinamishwa. Kile kirefu kiligoma. Walikisimamisha, wakakilaza, wakakigeuza miguu juu, na kila mara kilikwama kwenye fremu na kuchubua mawimbi ya Mama. Mama alikuwa ameenda kisimani na Nekesa. Nilikuwa pale, kwa hiyo niliyasikia maneno haya kwa masikio yangu. Shangazi alisema, "Toa mlango. Ni matope, si ni matope?" Baba akaangalia njia ya kisima. Halafu akachukua jembe na panga, akang'oa fremu, kisha akakata ukuta wenyewe, upana wa mkono mzima, buluu na nyeusi na nyekundu vikianguka kwa mabonge hadi kwenye viatu vyake vya kanisani. Kochi likapita. Dereva akapiga makofi.

Mama alirudi na mtungi kichwani. Alisimama uani akalitazama tundu lile, akamtazama mumewe aliyekuwa akijipangusa magoti. Nekesa alianza kulia. Mama hakuutua mtungi. "Mmemaliza?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama maji yamechemka. Baba akasema ndiyo. Basi Mama akapita, akaenda jikoni, akaanza kuchinja kuku.

Wageni walikuja kabla ya saa sita. Baba mkwe mtarajiwa alikuwa mzee mnene, mcheshi, mwenye koti zito, na alipewa kochi refu. Jua la Desemba lilikuwa limeyapata mabati, na nailoni ile ikaanza kazi yake. Kila mzee yule aliposogea, suruali ilinata, kisha ikabanduka kwa sauti isiyofaa mbele ya wakwe. Wazee wote walijifanya hawasikii. Chai ilipomwagika kidogo, Shangazi aliruka na kitambaa kupangusa nailoni, akipangusa katikati ya magoti ya mzee, na yule mzee akainua kikombe juu kama mtu aliyetekwa na majambazi. Mmoja wa mama zao alinyoosha kiganja akapapasa mawimbi yaliyobaki ukutani, taratibu, akauliza ni nani mwenye mkono huu. Mama alikuwa mlangoni na sinia ya nyama. Shangazi akamwahi kujibu. Alisema hiyo ni nyumba ya muda tu, inabomolewa mwezi ujao, inajengwa ya mawe. Mama aliweka sinia chini, akamkaribisha yule mwanamke kwa jina la ukoo wake, akatoka. Hakuna nyumba ya mawe iliyokuwa inajengwa. Baba alikuwa amekaa palepale, akitazama kucha zake.

Mahari ilikubaliwa. Shangazi alipita akipokea pongezi kana kwamba Nekesa alizaliwa na kochi. Lakini lori lilikuwa la shamba, na dereva alitakiwa Kitale kabla ya giza. Mara wageni walipoaga na kuanza kutembea kuelekea barabara kuu, viti vilitolewa mbio mbio kupitia lile tundu, vikapakiwa, vikafungwa kamba. Shangazi akapanda, akaaga. Njia ni moja tu kutoka kwetu hadi barabarani. Wageni walikuwa bado hawajafika mbali, wakisogea pembeni kupisha vumbi, walipopitwa na lori hilo, na juu yake, nailoni ziking'aa kwenye jua la jioni, wakayaona makochi waliyokuwa wameyakalia. Sisi tuliokuwa tumewasindikiza tulikuwa katikati yao. Nekesa alifunika uso kwa leso. Mzee wa Chwele alilifuata lori kwa macho mpaka likapotea, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi ikabidi ashikwe bega. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku hiyo matako yalikuwa yetu sote.

Ndoa ilifungwa, na shemeji yangu amekuwa mume mwema. Lakini huko Chwele dada yangu aliitwa Bibi wa Makochi kwa miaka mingi, na kila mgeni mpya alisimuliwa habari ya lori. Alikuwa akitabasamu, lakini alinieleza ukubwani kwamba kila mara ilikuwa kama kumeza mchanga.

Na ukuta? Mama hakuugusa. Mwanamke ambaye hakuwahi kuvumilia ufa mwembamba kama unywele, aliacha tundu lile kama lilivyoachwa. Baba aliegemeza fremu kwa magogo, akaning'iniza magunia. Masika yalipokuja, maji yaliingia, na buluu yote ya chini ikatiririka hadi uani. Majirani walipouliza kulikoni, Mama alijibu kwa adabu, bila hasira, Baba akiwa hapohapo anasahihisha madaftari: "Hapo ndipo heshima ilipopitia." Alijibu hivyo kwa kila aliyeuliza, hata mchungaji. Mwishoni Baba alikanda udongo mwenyewe jioni moja baada ya shule, akaziba. Mkono wake ulikuwa mbaya. Kiraka kilivimba, kikapasuka. Mama alipaka rangi nyumba nzima Desemba iliyofuata, maridadi kuliko awali, akakizunguka kiraka hicho kama mtu anavyozunguka kinyesi njiani.

Shangazi nilimwona kwake mara ya mwisho katikati ya miaka ya tisini. Shamba lilikuwa limeuzwa, mumewe ameondolewa, na ile nyumba ya mawe ikarudi kwa wenyewe. Walikuwa wamepanga chumba kimoja upande wa Kipsongo, mtaa wa mabanda hapo Kitale, na makochi yote yalikuwa humo, yamebanana ukuta kwa ukuta, hivi kwamba ilibidi kuyapanda na kuyavuka kwa magoti ili kufika kitandani. Nailoni ilikuwa imegeuka manjano na kukatika. Aliniambia nikae. Nilikaa, na alinitazama nilivyokaa, na niliona mkono wake ukitafuta kitambaa. Ningetamani kuandika kwamba nilimhurumia. Nilinunua sukari na sabuni nikamwachia, kwa kuwa ni dada ya baba yangu, lakini huruma sikuipata, na sijaitafuta.

Leo mimi mwenyewe naishi Kitale. Kuta zangu nazipaka mwenyewe, mapazia yangu ni leso, na vitambaa ni vya mkono wangu; sina la kuomba msamaha kwa mgeni. Desemba iliyopita nilialikwa kwenye mahari ya binti wa mwanamke niliyesoma naye, si mbali na pale tulipozaliwa. Uani palikuwa na hema jeupe, mashela yaliyoning'inizwa, viti vya rangi ya dhahabu vilivyofungwa riboni, na maua ambayo hata ya Shangazi yalikuwa na uhai zaidi. Kila mtu alipigwa picha. Hakuna aliyeingia nyumbani. Nilipoelekea mlangoni kutafuta maji, rafiki yangu alinishika mkono. "Huko ndani wacha tu," aliniambia. "Bado hatujapanga." Amekaa humo miaka ishirini.

Kabla chai haijaisha, wapambaji walianza kubomoa. Walifungua mashela, wakayabeba maua. Mmoja wao alikwenda akasimama nyuma ya bibi yake bwana harusi, ajuza wa watu aliyekuwa bado anakunywa, akamwambia kwa upole kwamba kiti hicho kinahitajika Webuye, kuna sherehe kesho. Shangazi Rodah, pamoja na upumbavu wake wote, aliwangoja wageni wainuke. Ajuza yule aliangalia huku na huku, hakuona pengine pa kukaa, akainuka. Akamalizia chai yake amesimama, uani kwa wakwe, na mwenye nyumba akampiga picha.