Jina, Kisha Mwaka

Vijana wa ofisini kwangu wananiudhi. Wakiweka toleo jipya la programu kwenye kompyuta, folda wanaiita "mpya", kesho "mpya kabisa", keshokutwa "ya mwisho". Mimi naandika jina la programu na namba ya toleo, basi.

Nilijifunza kwa baba enzi za Ujamaa. Alikuwa fundi cherehani wa Ng'ambo, Tabora. Kila Idi alitutengenezea vigezo vipya vya karatasi vya kukatia nguo, akaandika jina la mtoto na mwaka, akavitundika pamoja na vya zamani.

Mwaka mmoja surua ikamchukua mdogo wangu. Idi iliyofuata baba alitengeneza vyetu, kisha akatengeneza na cha marehemu, kikubwa kidogo kuliko cha zamani. Akaandika jina, kisha mwaka.