Barua za Dada Kwenye Simu Yangu

Daktari alipotoa kipande kidogo cha uvimbe shingoni mwa dada yangu na kukipeleka maabara, mimi niliogopa kuliko yeye. Dada alifunga kitambaa chake cha kichwa na kuuliza tutakunywa chai wapi. Tulipokuwa tunatoka, binti wa mapokezi alimwita dada kama vijana wa Nairobi wanavyowaita bibi zao.

"Shosho, majibu tunatuma kwa imeili. Una imeili?"

"Nina ndugu," dada alimjibu, akaninyooshea kidole.

Haikuwa ajabu kwamba kazi hiyo iliniangukia. Nilipoajiriwa nikiwa kijana nilikodi sanduku la posta, na kwa miaka mingi barua za ukoo mzima zilipitia humo. Ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Dada, ambaye amenizidi miaka sita, alikuwa akiniuliza, "Kuna kitu?" nami humpa bahasha yake au humjibu, "Bado."

Nilirudi kwangu Donholm nikashinda na simu mkononi. Sikujua kuna huduma nyingi hivyo za barua pepe za bure. Moja ilikuwa ile ambayo kila mtu anayo, rahisi, yenye herufi zinazokuzwa hata mwenye miwani minene azisome. Nyingine ilijaa matangazo mpaka nikamwona dada akilini akibonyeza tangazo la mkopo akidhani ni kliniki. Ya tatu iliahidi kwamba mtu mwingine hawezi kusoma barua zako, hata wenye huduma wenyewe, ila ukisahau nenosiri, barua za zamani hazifunguki tena.

Nikachagua hiyo ya tatu. Niliona habari za mwili wa mtu si za kila jicho. Kisha nikaanza kuhangaika. Dada husahau sufuria motoni. Nenosiri atalikumbuka vipi? Laini yake ya simu ilishapotea sokoni zaidi ya mara moja. Basi nikaiweka barua pepe yake kwenye simu yangu, nenosiri nikalitunga mimi, na mahali pa namba ya dharura, ya mwenye kusahau nenosiri, nikaandika namba yangu. Sikumuuliza. Nilijiambia ni kwa muda tu.

Majibu yaliingia Alhamisi asubuhi nikiwa kwa kinyozi. Niliyasoma huku nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa. Uvimbe haukuwa mzuri. Alitakiwa arudi Jumatatu kuonana na daktari, akiwa na mtu wa familia.

Kabla sijafika nyumbani simu ililia. "Kuna kitu?" dada aliuliza.

"Bado," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka miaka yote, tofauti ni kwamba safari hii lilikuwa uongo. Nilipanga kumwambia Jumapili baada ya ibada. Jumapili nikamkuta anaimba na wenzake wa kikundi cha akina mama, anacheka, nikaona nisimharibie siku. Jumatatu niliamka mapema. Nikavaa koti, nikavua. Nilikuwa nikimwona akiisoma ile barua, nami sikutaka kuwa pale uso wake utakapobadilika. Jumatatu ikapita hivyo.

Jumatano aliniita kwake Ziwani. Mlango ulikuwa wazi. Jirani yake, mama mmoja anayeuza vitambaa Eastleigh, alikuwa akimpepetea mchele. Dada hakunikaribisha kiti.

"Nimetoka kliniki," alisema. "Nimechoka na hizo 'bado' zako. Yule binti amegeuza kompyuta, nimesoma mwenyewe. Ilitumwa lini?"

"Dada, nilikuwa nataka..."

"Nimekuuliza lini."

"Alhamisi."

"Alhamisi nilikupigia." Alitoa miwani akaipangusa kwa kanga. "Daktari wa mambo hayo huja Jumatatu pekee. Sasa ningoje nyingine. Wewe mtoto, shingo ni ya nani?"

Nina miaka sabini na mbili. Nilimwambia niliogopa.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Lakini mimi naogopa kitu changu. Nipe simu yangu hapo."

Tulifungua barua pepe mpya, pale mezani kwake, kwenye simu yake. Safari hii alichagua yeye, na alichagua ile ambayo kila mtu anayo.

"Wenyewe watasoma barua zangu?" aliuliza.

"Sijui. Matangazo utaonyeshwa."

"Matangazo hayajawahi kunidanganya kama ndugu yangu," alisema, na jirani akainamia ungo ili nisimwone akicheka.

Alikuza herufi mpaka neno moja likajaa nusu ya kioo. Nenosiri aliliandika akiwa amenipa mgongo. Tulipofika kwenye namba ya dharura, nikaanza kutaja yangu kwa mazoea. Aliinua mkono.

"Mama, njoo," alimwita jirani. "Nipe namba yako."

"Yangu, Shosho? Na mzee yupo hapa?"

"Mzee ana kazi nyingi."

Ilikuwa haki yake.

Jumatatu iliyofuata nilimsindikiza, na matibabu yakaanza. Daktari hakusema kwamba wiki ile iliongeza ubaya. Wala hakusema haikuongeza. Nilisubiri aseme mojawapo, akaendelea kuandika.

Baada ya matibabu dada alipimwa tena. Siku moja nikiwa kwake, simu yake ilitoa mlio. Aliivuta, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole, midomo ikicheza. Alifika mwisho, akarudi juu, akaanza tena. Chai yangu ilikuwa inapoa na vidole vyangu vilikuwa vimekishika kikombe kwa nguvu. Swali lilinifika kwenye ulimi: kuna kitu? Nikalirudisha. Sikujua kwamba kungoja kwa upande huu wa meza ni kugumu kiasi hicho.

Mwishowe alivua miwani.

"Wanasema nirudi baada ya miezi mitatu," alisema. "Mtu haambiwi miezi mitatu kama..." Hakumaliza. Aliigeuza simu, akaisukuma kuelekea kwangu. "Soma na wewe. Halafu uirudishe."

Nikasoma, herufi zikiwa kubwa, neno moja moja. Kisha nikairudisha.